Mguu mmoja au yote miwili?

Juma hili maswali ya miguu mliyoniandikia hapa gazetini yameshinda mengine yote, na zaidi ya nusu yana mstari mmoja: "Miguu yangu imefura, nitumie dawa gani?" Hayo sikuyajibu na sitayajibu. Kufura ni dalili tu, na dalili hiyo hiyo huletwa na joto la Machi, na mimba, na figo, na moyo, hata na mbu. Ukiniandikia, nambie umri wako, kama una mimba au umejifungua karibuni, kama ni mguu mmoja au yote miwili, unameza nini na unajipaka nini. Na mkojo wako ukoje. Msione haya. Nimekuwa nesi miaka mingi, mkojo haunishtui.

*Shikamoo mama. Nina miaka 22, nauza nguo dukani hapa Malindi mjini, nasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku. Jioni vifundo vya miguu vimefura hata alama ya kiatu inabaki, asubuhi vimeshuka. Ni figo?*

Marahaba mwanangu. Kwa maelezo haya siifikirii figo kwanza. Damu ikishateremka miguuni hurudishwa juu kwa kukaza na kulegea kwa shavu la mguu, na kazi hiyo hufanyika ukitembea, si ukisimama kama nguzo ya msikiti. Joto nalo hutanua mishipa, ndiyo maana kaskazi ikivuma mnaniandikia kwa wingi na kusi ikiingia mnanisahau. Kila nusu saa zunguka duka, nyanyua visigino mara ishirini, na ukifika nyumbani jilaze miguu ikiwa juu ya mito. Bosi akikataza kiti, mwambie nimesema mimi.

Kisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwa wali wa mchana, viazi karai vya magharibi na achari juu yake, kijiko hicho umeshakipita na chajio hujala. Siku za karibu na hedhi kufura kidogo pia ni kawaida. Hata hivyo, siku moja ukapime presha na mkojo, ili neno "figo" likutoke kichwani.

*Je, nikipunguza kunywa maji miguu itashuka?*

Hapana. Punguza chumvi.

*Mimba yangu ya kwanza, miezi saba. Miguu imefura, sasa na uso na vidole, pete haitoki. Kichwa chaniuma siku ya tatu. Mama mkwe asema ni maji ya mtoto, na kwamba kufura hivi ni mtoto wa kiume.*

Huyu nilimpigia simu, sikungoja gazeti. Nalichapisha swali lake kwa ajili yenu mliobaki.

Mimba kubwa hufurisha vifundo vya wanawake wengi, na hilo peke yake halinisumbui. Kinachonisumbua ni uso na mikono kufura ghafla, kichwa kisichosikia panadol, kuona vimulimuli au ukungu mbele ya macho, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Hiyo huenda ikawa presha ya mimba, inayoanza baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi na mara nyingi mkojo ukiwa na protini. Ikiachwa huweza kuzaa kifafa cha mimba: mama anatupa mikono na miguu, na watu wa nyumbani wanatafuta mtu wa kumsomea wakati wangekuwa wanatafuta gari. Asomewe, sikatai, lakini asomewe ndani ya gari. Hospitalini kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa hicho, na dawa za kushusha presha. Dawa yenyewe hasa ni mtoto kutoka, na wakati wa kumtoa wanaujua madaktari.

Mimba ya kwanza, pacha, na aliyekuwa na presha tangu zamani, hao wamo hatarini zaidi. Na msidhani mkishajifungua mmevuka. Presha hii huweza kuja hata ndani ya arobaini, mzazi amefungiwa chumbani anakandwa maji ya moto, kichwa kinampasuka, anaambiwa ni uchovu.

Mama mkwe namheshimu. Lakini jinsia ya mtoto haikai kwenye vifundo vya miguu.

*Nilitoka Nairobi kwa basi la usiku, wiki iliyopita. Sasa mguu wa kushoto tu umefura, shavu la mguu lina joto na linauma nikikanyaga. Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Shangazi ananikanda kwa mafuta ya nazi. Nina miaka 27.*

Mwambie shangazi aondoe mkono sasa hivi. Mguu mmoja, wenye joto, unaouma shavuni, baada ya kukaa usiku kucha umekunja magoti: wa kwanza kushukiwa ni bonge la damu lililoganda ndani ya mshipa. Kipande chake kikimeguka hupanda mpaka mapafuni, na hapo pumzi hukatika. Nenda leo ukapigwe picha ya mishipa. Ikithibitika, utapewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Ukihisi kifua kinachoma au ukahema bila sababu, usingoje hata chai ipoe.

Kuhusu vidonge: vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari hii kidogo. Mweleze daktari akubadilishie njia. Nasema akubadilishie, kwa sababu najua watakaosoma hapa watatupa pakiti jalalani, na mimba yenyewe, pamoja na wiki za mwanzo baada ya kuzaa, hugandisha damu kuliko vidonge hivyo.

*Naolewa mwezi ujao in shaa Allah. Macho yanafura asubuhi, miguu jioni, na mkojo una povu kama maji ya sabuni. Je, singo inaweza kuleta haya? Miaka 24.*

Hongera. Singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bi harusi, ikiwa ya liwa na maji ya marashi haijamfurisha mtu miguu. Nakuuliza wewe: umechanganya nini ndani yake? Au kuna kopo dogo pembeni ambalo hukulitaja, lisilo na jina la mtengenezaji, aliloleta rafiki na kusema litakutoa rangi kwa siku kumi?

Nimechoka kusema haya na nitayasema tena. Baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki, ile ile ya kwenye vipimajoto vya kizamani. Hupenya ngozi, huingia damuni, hukaa figoni na kuharibu chujio. Chujio likiharibika, protini inamwagika kwenye mkojo, ndilo hilo povu. Protini hiyo ndiyo inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanavuja na kutuama machoni na miguuni. Si habari ya jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa figo wa namna hii na kuonyesha uhusiano na krimu za kujichubua. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa juu ya zebaki, ulipanga vipodozi vyenye zebaki vikome mwaka 2020. Vimekoma? Piteni sokoni mjionee.

Acha krimu leo, nenda kapime mkojo na damu, na lile kopo libebe umwonyeshe daktari. Wengi hupona wakiacha mapema. Povu hilo huweza pia kuletwa na maradhi mengine ya figo, mojawapo ni yale ya lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambao hupenda wanawake wa umri wako, kwa hiyo usijitibu kwa kuacha krimu peke yake. Na bwana harusi alikuposa akiwa ameshaiona rangi yako.

*Mguu wangu wa kulia umefura tangu nina miaka 15, sasa nina 26. Hauumi, lakini haushuki tena hata asubuhi. Watu wasema nimekanyaga kitu. Mganga ataka kuku mweusi na elfu nane. Kutoka Lamu.*

Hukukanyaga kitu. Huenda ni matende, ugonjwa wa minyoo inayoletwa na mbu, ambao pwani yetu yote inaujua. Minyoo hiyo huziba njia za maji ya mwili. Ndiyo sababu serikali hupitisha dawa nyumba kwa nyumba, na mwaka 2018 huko kwenu Lamu zilitolewa dawa tatu kwa mpigo. Ulimeza, au uliificha kwenye pindo la leso kama wengi? Au huenda njia hizo ulizaliwa nazo nyembamba. Hali hiyo hujitokeza kwa wasichana wakibaleghe, bila mnyoo wowote. Kapimwe ijulikane ni ipi.

Kwa yote mawili, mguu uoshe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushe mpaka katikati ya vidole, tibu kila mchubuko, uinue ukikaa. Najua buibui linaficha mengi, lakini miaka 11 ni mingi ya kuficha. Kuku mle nyumbani.

*Nilinunua vidonge vya kukojoza kwa duka la dawa, miguu ikashuka, nikiacha inafura tena. Pia natumia diklofenaki kwa maumivu ya hedhi. Niendelee?*

Usiendelee na chochote kati ya hivyo. Diklofenaki na ndugu zake huzuia chumvi na maji mwilini, kwa hiyo yawezekana unafura kwa kidonge kimoja na kukojoa kwa kingine, na figo ziko katikati zinapigwa na wote wawili. Vidonge vya kukojoza hutoa pia potasiamu, na ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Muuza dawa alikupima presha? Sikutegemea.

*Nimejifungua miezi miwili sasa. Miguu imefura, nikipanda ngazi nahema, usiku nalala kwa mito mitatu.*

Mito mitatu yatosha kunijulisha. Ni moyo mpaka daktari aseme sivyo. Kuna udhaifu wa moyo unaokuja mwisho wa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, na kuna vali zilizoharibika tangu utotoni kwa maradhi ya koo yasiyotibiwa, zikajitokeza kwa uzito wa mimba. Hospitali leo, uombe wakutazame moyo.

*Nafanya kazi mashamba ya chumvi huku Gongoni. Miguu hufura na kupasuka. Chumvi inaingia mwilini kupitia nyayo?*

Haiingii. Kinachoingia ni vijidudu, kupitia hiyo mipasuko. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake, unataka dawa ya kuua bakteria, si ya kukojoza. Kila jioni uoshe kwa maji baridi, ukaushe, upake mafuta. Na uvae gambuti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kama bei yake inakatwa kwenye mshahara wako, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi.