Mbwa mzee ana kansa, nimtibu?

SWALI: Jike langu lina miaka 11, linatokwa damu ukeni, daktari wa mifugo kasema kansa anataka kulichoma kemo (dawa kali za kuua kansa). Si nitalitesa bure?

JIBU: Ndugu yangu, umri peke yake usikutishe, muulize ni kansa gani maana kama ni ile wanayoambukizana wakipandana, hiyo mbwa wengi wanapona kabisa, ni sindano ya vinkristini, dawa mojawapo ya kemo, mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 mpaka 6 hivi. Ila kwanza apime damu na ini, seli nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, zikishuka wanaahirisha sindano. Kama ni nyingine na imeshafika mapafuni, mimi ningeomba dawa za maumivu tu, akigoma kula ndo mzungumze na daktari kumlaza moja kwa moja, yaani afe kwa sindano bila maumivu.