Nilianza sanaa nikiwa na miaka 53: jibu kwa mwalimu anayekaribia kustaafu

Mleta mada, umesema una miaka 58, umefundisha hesabu tangu ujana, mwakani unastaafu na unataka kuchora. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo, na unauliza kama umechelewa na uanzie wapi. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapo ulipo nimepapitia.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona nguo za watu miaka 31 kabla sijaanza sanaa. Nilianza na rangi za mafuta, kwa kuwa kichwani mwangu msanii alikuwa mtu aliyesimama mbele ya turubai, brashi mkononi. Kwa miaka miwili nikapaka mandhari za milima ambayo sijawahi kuikanyaga. Kilichonitesa zaidi ni bega. Kuinamia cherehani miaka yote ile kuliliharibu. Mkono haupandi juu ya kifua bila maumivu, na turubai likisimama wima, kazi karibu yote iko juu. Nikipaka nusu saa, siku mbili sishiki kitu. Nikaamini kabisa kwamba nimechelewa.

Siku moja nikalilaza turubai mezani. Maumivu yakapungua siku ileile. Sasa, meza ya fundi haikosi mkasi, chaki na mabaki ya vitambaa, na baada ya majuma machache nikajikuta nakata kuliko ninavyopaka. Najua kitambaa kilichokatwa mshazari kinavyovutika. Najua bitana iliyojificha ndani ya koti miaka kumi inavyobaki na rangi yake wakati nje kumepauka. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa ajili ya picha, nilikuwa nayo tayari. Kazi yangu ya kwanza ninayoithamini ni ya kola za mashati yaliyochakaa: kola tupu, moja juu ya nyingine, kila moja imelika pale shingo ya mwenyewe ilipokuwa ikigusa. Niliishona miezi minne, na sikuumwa bega hata siku moja.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chunguza mwili wako unaruhusu nini na mikono yako inajua nini. Grandma Moses wa Marekani alikuwa akidarizi picha kwa nyuzi za sufu. Viungo vya mikono vikamuuma mpaka sindano ikamshinda, ndipo akashika brashi akiwa anakaribia miaka 80. Naye alipaka akiwa amekaa mezani. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika New York mwaka 1940, na aliishi hadi 1961. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa bingwa wa rangi miaka mingi, lakini baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941 hakuweza tena kusimama muda mrefu. Akageukia mkasi. Wasaidizi walimpakia karatasi rangi, naye akazikata akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Mimi fundi, nikiziona kazi zile, naona mkono wa mtu anayejua kukata, nami hufurahi sana.

Ila zile simulizi za waliochelewa zisome kwa uangalifu. Utatajiwa mchoraji Carmen Herrera, aliyeuza mchoro wake wa kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89. Ni kweli, lakini alikuwa amechora kwa miongo mingi. Lililochelewa ni soko. Ukijilinganisha naye utakata tamaa bure, kwa kuwa wewe huna miongo hiyo ya mazoezi. Ulichonacho ni cha aina nyingine: umechora duara na pembetatu ubaoni kwa mkono mtupu maelfu ya mara. Jicho lako linajua ulinganifu kuliko wengi waliosomea sanaa. Mimi ningeanzia hapo, kwenye maumbo na ruwaza, si kwenye sura za watu ambazo mtetemeko utazivuruga na kukuvunja moyo.

Kiinua mgongo chako usikiguse kwa ajili ya vifaa. Bill Traylor, aliyezaliwa utumwani Alabama mnamo 1853, alianza kuchora akiwa na miaka kama 85, amekaa kando ya barabara mjini Montgomery, akitumia makaratasi magumu yaliyotupwa. Ameacha michoro zaidi ya 1,000.

Na siku ukipata mahali pa kuonyesha kazi, dai maandishi. Mimi niliacha kazi sita kwenye ukumbi mmoja kwa maneno ya mdomo; tatu hazikurudi na sikulipwa. Ile ya kola ilikuwa mojawapo. Karatasi ionyeshe kila kazi na ukubwa wake, nani anachukua asilimia ngapi ikiuzwa, fedha zinalipwa lini, na zisizouzwa zinarudi tarehe gani. Wazee huonekana wepesi wa kushukuru, na wapo wanaolitumia hilo.

Kuhusu mkono, kwanza muone daktari, maana mitetemeko ina sababu nyingi na mingine ina dawa. Halafu kwa wiki mbili andika unatetemeka zaidi saa ngapi, na ukiegemeza kiwiko mezani inakuwaje. Mkono wangu mimi ni mzuri asubuhi, ikifika saa kumi jioni umekwisha, kwa hiyo kukata nakata asubuhi na jioni napanga rangi tu. Ukishaandika, rudi hapa utuambie, tutazame pamoja kama ni penseli, mkaa au mkasi.