Maswali ya Wasomaji: Kebo ya kasi imezibwa, swichi kongwe ndiyo inayotawala

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina swichi tatu zilizounganishwa pembetatu. Mbili ni mpya, na kebo iliyo kati yake ni ya gigabiti 1. Ya tatu ni kongwe, inaunganishwa na kila mojawapo kwa megabiti 100. Ajabu ni kwamba kebo ya kasi haipitishi kitu; upande mmoja taa ya poti ni ya chungwa. Nimebadilisha kebo, wapi! Je, poti imekufa? Nizime STP, ule mfumo wa swichi wa kuzuia data isizunguke bila kikomo?

JIBU: Poti ni nzima, na STP usiiguse. Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data ndani ya mtandao wako, haina kihesabu cha ukomo kama kilichomo kwenye pakiti ya IP. Tangazo moja, yaani fremu inayotumwa kwa vifaa vyote, likiingia kwenye pembetatu yako isiyozuiwa, litazunguka na kuzaliana hadi mtandao wote ulale. Ndiyo maana STP huziba njia moja.

Njia ipi izibwe? Hapo ndipo ulipokwama. Swichi huchagua mzizi kwanza, yaani swichi kuu ambayo nyingine hupimia njia zao: hushinda yenye namba ndogo ya kipaumbele, na zikilingana hutazamwa anwani ndogo ya MAC, namba ya utambulisho ya kila swichi. Kiwandani zote huwekewa 32768, kwa hiyo kura yako iliamuliwa na MAC, na bila shaka kongwe ikashinda. Kisha kila swichi hutafuta njia nafuu ya kufika kwenye mzizi. Kwa gharama za kawaida za 802.1D, kiwango rasmi cha STP, megabiti 100 ni 19 na gigabiti 1 ni 4. Swichi mpya ikienda moja kwa moja kwa kongwe inalipa 19; ikipitia mwenzake, 4 na 19, yaani 23. Kebo ya kasi ikabaki haina kazi.

Ipe swichi mpya moja kipaumbele 4096, na ya pili 8192 iwe ya akiba. Namba hizi hupanda kwa hatua za 4096, nyingine zitakataliwa. Usishtuke ukisoma 4097: swichi nyingi hujumlisha namba ya VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi), hapa 1. Baadaye itakayozibwa ni kebo kati ya kongwe na ile ya pili, upande wa kongwe.

Fanya kazi hii nje ya saa za kazi. STP ya zamani husubiri sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha data, na hitilafu iliyo mbali huongeza hadi 20 za kungoja taarifa ya mzizi ipitwe na wakati. Swichi zako zikikubali RSTP, toleo la STP lenye kasi, tumia hiyo. Hurejea haraka zaidi.

Poti za kompyuta zitangaze kuwa za ukingoni, ili zisisubiri hivyo, la sivyo kompyuta itaomba anwani ya DHCP (anwani ya IP inayogawiwa na mtandao) kabla poti haijafunguka. Ziwekee pia kinga ya BPDU, jumbe za STP ambazo swichi hutumiana, ili mtu akichomeka swichi yake humo poti ijifunge.