Redio Iliyofungwa Haijafa

Jumatatu iliyopita msomaji mmoja wa Muheza aliniandikia kwamba amebadilisha betri ya Volkswagen Polo yake, na tangu saa ile redio inaonyesha neno SAFE, yaani imejifunga hadi ipewe namba yake ya siri, na haitoi sauti yoyote. Fundi aliyembadilishia betri amemwambia kuwa redio imeungua, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kumpatia nyingine kwa bei nzuri. Mwisho wa ujumbe akauliza: "Kaka, nikubali?" Nilimjibu palepale asikubali, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi hapa Tanga, nikayaamini, na hadi leo yananiuma.

Nilikuwa na Toyota iliyotoka Japani na redio yake ya skrini yenye ramani. Ramani ilikuwa ya barabara za Japani na maandishi yote ni ya Kijapani, kwa hiyo sikuona inanifaa nini mtu ninayekwenda Pongwe na kurudi. Ukibonyeza kitufe, skrini ilikuwa ikishuka, na nyuma yake mlikuwa na kadi ndogo ya memori. Siku moja niliichomoa, nikafuta vilivyomo, nikaanza kuitumia kuhifadhia picha. Redio iliendelea kuimba kwa miezi kadhaa, nami nikajiona nimepata kadi ya bure.

Tunaoishi karibu na bahari, huku Raskazone, tunajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma. Asubuhi moja starta iligonga mara moja tu ikanyamaza, na nilipofungua boneti nikakuta vichwa vya betri vimefunikwa na unga wa kijani na mweupe. Fundi alikuja na betri mpya na spana namba 10, akamaliza kazi kwa dakika chache, na gari likawaka vizuri kabisa. Nilipowasha redio, skrini ilikuwa nyeusi, na katikati pana mstari mmoja wa Kijapani. Fundi aliutazama, akatikisa kichwa, akasema: "Mzee, hii imeungua. Umeme wa betri mpya umeipiga." Alinipa shilingi 30,000 kwa hilo alilokuwa akiliita kopo, nami nikanunua kwake redio nyingine kwa shilingi 250,000.

Wiki tatu baadaye jirani yangu wa Chumbageni alinipa lifti kwenda sokoni. Nilipoinamia dashibodi nikaona skrini yenye mkwaruzo uliopinda kama mundu kwenye kona ya chini kushoto. Mkwaruzo huo aliuchora binti yangu kwa pini ya nywele, na siku ile nilimgombeza sana. Redio ilikuwa inaimba. Nilimwuliza jirani ameipata wapi, naye akanijibu bila kujua lolote kwamba amenunua kwa fundi, na kwamba "ilikosa kadi ya ramani tu". Sikuweza kusema neno mpaka tukafika.

Ndipo nilipoanza kuyasoma mambo haya kwa bidii. Redio nyingi za namna ile hutegemea programu iliyomo kwenye kadi ya ramani. Umeme ukikatika kabisa, redio huitafuta kadi hiyo inapowaka tena, na ule mstari wa Kijapani ulikuwa unaniomba niirudishe. Kuirudisha kadi niliyokwisha kuifuta kusingesaidia. Ingebidi kutafuta kadi inayolingana na modeli ya redio, ambayo namba yake mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya uso wake. Nyingine huonyesha herufi ERC pamoja na namba ndefu, na hiyo namba ndiyo anayoihitaji fundi anayejua kutafuta namba ya kufungulia. Picha moja ya simu iliyoelekezwa kwenye skrini na kutafsiriwa ingeniokolea fedha zote zile.

Mwaka uliofuata betri ya dada yangu ilikufa. Yeye ana Honda CR-V iliyotoka Uingereza, na baada ya kubadilisha betri redio ikaandika CODE, yaani inadai namba yake ya siri. Safari hii sikumruhusu fundi yeyote kugusa kitu. Nilizima redio, nikashikilia kitufe cha 1 na cha 6 kwa pamoja huku nikiiwasha, na namba ya utambulisho ya redio yenyewe (serial number) ikatokea kwa mafungu mawili, moja likianza na U na jingine na L. Niliiandika. Kisha nilipekua droo ya dashibodi, na ndani ya kitabu cha gari nikakuta kikadi chenye namba hiyohiyo, na chini yake tarakimu tano za kuifungulia. Nilizibonyeza moja baada ya nyingine, na sauti ya mtangazaji ikajaa ndani ya gari. Dada alipiga makofi. Nakiri kwamba nilijisikia mkubwa sana siku ile.

Kwa hiyo nawaambia wote wenye magari: kufungwa huku ni ulinzi. Miaka ya 1980 na 1990 wezi wa redio za magari walisumbua sana Ulaya na Marekani, na watengenezaji wakaziwekea redio namba za siri ili ikichomolewa isimfae mwizi. Redio haiwezi kumtofautisha mwizi na fundi wa betri. Inachojua ni kwamba umeme umekatika. Kabla hujamruhusu mtu kulegeza nati ya betri, tafuta kwanza namba hiyo. Usichomoe kadi usiyoijua kazi yake. Na usikubali kuambiwa imeungua na mtu ambaye ana nyingine ya kukuuzia.

Tena usibahatishe namba. Yule msomaji wa Muheza alikuwa amekwisha kujaribu mbili za kubuni, na redio nyingi za zamani za Volkswagen ukikosea mara mbili hukataa kwa muda wa saa nzima. Nilimwambia aiache redio ikiwa imewashwa, swichi ya gari nayo ikiwa imewashwa, asubiri. Wakati akisubiri alipata namba yake kwenye jalada la kitabu cha redio. Neno SAFE lilipoondoka ikatokea 1000. Akatumia kitufe cha 1 kwa tarakimu ya kwanza, cha 2 kwa ya pili, hivyo hivyo hadi cha 4, kisha akathibitisha kwa kushikilia kitufe cha kutafutia stesheni. Aliniandikia saa mbili usiku kwamba redio inaimba.

Nilimwomba jambo moja zaidi: kile kitabu asikirudishe ndani ya gari, akiweke nyumbani pamoja na kadi ya gari, kwa sababu mwizi atakayeiba redio ataipekua droo ileile.