Maandamano Mazishini: Sheria ya Marekani Inamlinda Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nchini Marekani kikundi cha watu kilisimama na mabango ya kuudhi siku aliyozikwa mwanajeshi aliyefia vitani, na kwamba baba wa marehemu alipowashtaki, mahakama iliwapa ushindi waandamanaji. Papo hapo naambiwa kwamba nchi hiyohiyo imejaa sheria za kuzuia maandamano mazishini. Mambo haya mawili yanakaaje pamoja? Na wale wanaofika na bendera na pikipiki ili kuwakinga wafiwa, je, sheria hizo haziwagusi?

JIBU: Ndugu msomaji, kisa unachokitaja ni shauri la Snyder (baba wa marehemu) dhidi ya Phelps, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 2 Machi 2011. Ukitaka kuelewa kwa nini waandamanaji walishinda, inafaa utazame kwanza walisimama wapi, na saa ngapi, kabla ya kuuliza walisema nini.

Mwanajeshi huyo alifariki nchini Iraq mwezi Machi 2006, na ibada yake ya mazishi ikafanyika katika kanisa la Kikatoliki mjini Westminster, jimbo la Maryland. Watu saba wa Westboro Baptist Church, kanisa dogo la mjini Topeka, Kansas, ambalo sehemu kubwa ya waumini wake ni ukoo wa mwasisi wake, Fred Phelps, walisafiri hadi huko kutangaza kwamba vifo vya wanajeshi ni adhabu ya Mungu kwa taifa linalovumilia ushoga. Bango mojawapo lilimshukuru Mungu kwa wanajeshi waliokufa. Hata hivyo, walikuwa wamewaarifu polisi mapema, wakasimama kwenye ardhi ya umma walipoelekezwa, futi 1,000 hivi (kama mita 300) kutoka kanisani, kwa takriban nusu saa kabla ya ibada. Hawakufika makaburini, hawakufanya fujo, na msafara ulipopita, baba wa marehemu aliona sehemu za juu tu za mabango. Maneno yenyewe aliyajua baadaye siku hiyo, alipotazama taarifa ya habari kwenye televisheni.

Jopo la raia waliokaa kama waamuzi lilimpa baba huyo fidia ya jumla ya dola milioni 10.9, ambayo jaji aliipunguza hadi dola milioni 5. Mahakama ya rufaa iliifuta yote, kisha ikamwagiza mfiwa alipe gharama za rufaa za waliomwandama, zaidi ya dola 16,000, agizo lililowaudhi watu wengi, wala siwalaumu. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, majaji wanane kati ya tisa walikubaliana na mahakama ya rufaa. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, hakudai kwamba maneno yale hayakuumiza. Alisema kuwa yalihusu mambo ya umma kama vile mwenendo wa taifa na jeshi lake, na yalitolewa mahali pa umma, hivyo Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, yanayakinga yasigeuzwe chanzo cha fidia. Kipimo walichopewa waamuzi kilikuwa iwapo mwenendo ule ulipita mipaka ya ustaarabu, na kipimo cha namna hiyo humruhusu mwamuzi kuadhibu rai kwa sababu tu haipendi.

Jaji Samuel Alito peke yake alipinga. Kwa maoni yake, kikundi hicho kilikuwa na viwanja na barabara zisizohesabika za kufikishia ujumbe wake, na hakikuhitaji kuishambulia familia ya mtu wa kawaida katika saa yake ya uchungu mkuu. Hoja hiyo ni nzito kuliko wengi wanavyokubali, hasa kwa kuwa kikundi kilichagua mazishi kwa sababu kamera zingekuwapo. Hata hivyo, naona majaji wengi walikuwa sahihi, kwa maana fidia ya mamilioni inayotegemea chuki ya waamuzi ingeweza kesho kumwangukia mtu anayelaani vita mbele ya gwaride la kijeshi.

Sasa sheria ulizosikia. Hukumu yenyewe ilitaja kwamba wakati huo majimbo 44, pamoja na serikali kuu, yalikuwa na sheria za kudhibiti maandamano mazishini, na Roberts akaeleza kwamba sheria zisizojali yaliyoandikwa kwenye bango huibua maswali tofauti kabisa. Sheria ya jimbo la Ohio, iliyokataza maandamano ndani ya futi 300 (kama mita 91) kuanzia saa moja kabla ya mazishi hadi saa moja baada yake, ilikwishathibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2008, na ya mji wa Manchester, Missouri, ikathibitishwa mwaka 2012. Sharti ni kwamba eneo liwe dogo, muda uwe mfupi, na katazo limhusu anayemsifu marehemu sawasawa na anayemlaani. Kifungu kilichojaribu kuweka eneo kama hilo kuuzunguka msafara ukiwa njiani kilibatilishwa huko Ohio, na ni rahisi kuona tatizo: mtu aliyesimama na bango pembeni mwa barabara kwa jambo lake jingine angejikuta amevunja sheria kwa sababu tu gari la maiti limempita. Mwaka 2012 Bunge la Marekani liliongeza muda katika mazishi ya wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi kuwa saa mbili kabla na saa mbili baada.

Kuhusu wenye pikipiki, bila shaka umewasikia Patriot Guard Riders, walioanza mwaka 2005, ambao huja kwa mwaliko wa familia na kusimama na bendera kati ya wafiwa na waandamanaji. Sheria ya serikali kuu hukataza kelele au vurugu za makusudi zinazosumbua mazishi na ambazo si sehemu ya mazishi hayo. Aliyealikwa na familia, basi, ana mahali pake katika shughuli. Anayejitokeza bila mwaliko na kuvurumisha injini ndani ya futi zile 300 hadi utulivu ukavurugika kwa makusudi anaweza kushtakiwa kama mwenye bango, bila kujali yuko upande gani.