Kabla Fundi Hajafomati Kompyuta Yako, Nisikilize Kwanza

Juzi nimeandikiwa na binti mmoja wa Faza, anaingia chuo kikuu mwaka huu, ami yake kamnunulia laptopu ya mitumba Mombasa, na hiyo laptopu sasa inakataa tovuti karibu zote. Kila akifungua ukurasa anaonywa kwamba muunganisho si salama arudi nyuma. Kapeleka kwa fundi, fundi kaitazama kidogo tu kasema vairasi zimeingia mpaka ndani, lazima aifomati yote, alete elfu tatu. Sasa ananiuliza, dada nikope hiyo pesa ama vipi, manake fomu ya mkopo wa masomo inakaribia kufungwa.

Nikamuuliza swali moja. Saa ya kompyuta, pale pembeni kulia chini, inasoma mwaka gani?

Akanijibu 2014.

Basi ndio hilo hilo. Nikamwambia gonga kulia juu ya hiyo saa, chagua kurekebisha tarehe na saa, zima ile ya kujiweka yenyewe kwanza, andika tarehe ya leo kwa mkono, hakikisha majira ya saa ni ya Nairobi yaani +3, halafu ndio uiwashe tena ile ya kujiweka yenyewe. Hiyo ya kuandika kwa mkono kwanza usiiruke, manake saa ikiwa imepotea kwa miaka Windows mara nyingi inakataa kujirekebisha kwa intaneti, inaona pengo ni kubwa mno. Chai yangu haijapoa kashanitumia picha ya fomu imefunguka. Nimefurahi mpaka nikasema lazima niandike hii leo leo.

Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Kila tovuti yenye ile kufuli ina cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini tuko 2014 inakiona cheti cha mwaka huu hakijaanza kazi, ni kama uende Mokowe leo na tiketi ya basi ya wiki ijayo, kondakta hakupandishi hata kama tiketi ni ya halali. Kwa hivo tovuti ni nzima, intaneti ni nzima, laptopu ni nzima, ni tarehe tu.

Na tarehe inapotea kwa nini? Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, nyingi ni CR2032, ya volti 3, kazi yake ni kuishikilia saa na setingi za mwanzo wakati mashine imezimwa na haina moto. Inadumu miaka kadhaa halafu inakufa. Hizi mashine zetu za mitumba zimetumika ofisi za watu Ulaya miaka mingi kabla hazijapanda meli, kwa hivo zinafika huku na betri imechoka. Kwenye dekstopu unafungua ubavu unaichomoa kwa kucha unaweka mpya, bei yake haifiki ya kilo ya sukari. Kwenye laptopu mara nyingine ina waya wake na plastiki, hapo mpe mtu anayejua kufungua, lakini mwambie wewe mwenyewe unachotaka: nibadilishie betri ya saa. Usimwambie "angalia ina nini". Ukimwambia angalia ina nini, umempa ruhusa ya kutafuta.

Sasa niwaambie kwa nini haya mambo ya kufomati yananichoma.

Marehemu baba alikuwa na dekstopu nyumbani, Langoni hapa Lamu, ile ya zamani ya kifua kipana, na alikuwa anajirekodi sauti. Kasida, tenzi, hadithi za jahazi za wakati wa ujana wake, majina ya upepo na miezi ya kusafiri, yote kwa sauti yake, kwa Kiamu chake kile ambacho sisi watoto hatukisemi vile. Hakuna aliyemwambia afanye. Jioni baada ya isha alikaa na ile maikrofoni ya bei rahisi akazungumza. Alipofariki tulikuwa tunaogopa hata kuisikiliza, tukasema itulie kwanza, tutasikiliza tukiwa na nguvu.

Siku moja tukaiwasha ikakataa. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza mstari mmoja, na kistari kinawaka na kuzima. Kaka yangu mkubwa akaita fundi, kijana wa watu mwenye cheti chake, akaja akaichukua kwa mkokoteni, mimi nikasema jamani si tuyasome haya maandishi kwanza, nikaambiwa wewe msichana hebu leta chai. Ikarudi baada ya siku kadhaa inawaka vizuri, safi, picha mpya ya nyuma, na ndani haina kitu. Kapiga Windows upya juu ya kila kilichokuwemo. Tukamuuliza zile sauti, akasema hakuambiwa kuna sauti.

Kesho yake ikakataa tena. Maandishi yale yale, kistari kile kile.

Nikayasoma mimi. Yalikuwa yanasema diski iliyopo si ya kuwashia mashine, itolewe ibonyezwe batani yoyote. Nikazunguka nyuma ya kompyuta kwenye vumbi nikakuta flashi, flashi ndogo nyeusi, wala sijui ni ya nani mpaka leo, imechomekwa huko. Nikaichomoa, nikabonyeza, ikawaka. Mashine za zamani nyingi zimepangwa zisome flashi kwanza kabla ya diski ya ndani, zikikuta flashi haina Windows zinasimama hapo hapo. Fundi alifanya kazi yake kwake bila ile flashi, akaileta, ndugu zangu wakarudisha kila kilichokuwa kimechomekwa, na ikarudi vile vile. Yaani sauti ya baba imefutwa kwa sababu hakuna aliyesoma mstari mmoja.

Miaka imepita na bado nikisikia neno kufomati moyo unaruka. Ndio nikaanza kujifunza. Sikwenda chuo cha kompyuta, nilijifunza kwa kusoma maneno ya kwenye skrini neno kwa neno na kutafuta maana yake, na leo walio na vyeti wananipigia simu usiku kuniuliza.

Kwa hivo sheria yangu kwenye hii meza ni hii: faili kwanza, setingi pili, kufomati mwisho kabisa, na ni baada ya mwenye mashine kusema kwa mdomo wake kwamba hana anachohitaji humo.

Mwezi uliopita kaja maalim mmoja anayesomesha watoto hapa mjini, namheshimu sana, kabeba laptopu kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hii kibodi imekufa, ninunue nyingine. Nataka kupeleka barua pepe na ile a ya duara haitoki."

Akibonyeza penye @ inatoka alama ya kunukuu, akibonyeza penye alama ya kunukuu inatoka @. Hiyo kibodi haijafa, hiyo imetoka Uingereza na Windows yake imewekwa mpangilio wa Marekani. Waingereza @ yao iko karibu na Enter, Wamarekani iko juu ya namba 2, ndio vimepishana, na ukijaribu alama ya pauni juu ya 3 utapata reli (#). Nikaingia kwenye setingi za saa na lugha nikaongeza kibodi ya Uingereza, kwisha. Tangu hapo ukishika batani ya Windows na kubonyeza spesi inageuka toka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Maalim alinishika kichwa akaniombea dua, na ile pesa ya kibodi ikabaki mfukoni mwake.

Kibodi zina vituko vingi vya namna hiyo. Mtu akibonyeza Shift mara 5 mfululizo, watoto hasa, inatokea ya kuuliza kama unataka vitufe vya kunata, mtu anakubali bila kusoma, halafu siku nzima kibodi inaandika maajabu. Ukiishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 inakuja nyingine inayofanya kibodi isisikie mpaka ushikilie kila herufi, watu wanasema kibodi imeingia maji. Zote ziko kwenye setingi za usaidizi, unazima. Soma kabla hujakubali, ndio ninavyosema kila siku.

Skrini nyeusi lakini feni inalia, hiyo ndio inayowatia watu homa. Kwanza shika Windows ubonyeze P, kisha mshale wa chini, kisha Enter, jaribu mara kadhaa, manake huenda ilielekezwa kwenye projekta ya arusini au semina na haijarudi. Pili shika Windows, Ctrl, Shift na B pamoja, inaamsha upya mambo ya picha. Tatu zima kabisa, chomoa chaja, chomoa flashi na mausi na kila kitu, betri kama inatoka itoe, shikilia batani ya kuwashia kama nusu dakika, halafu rudisha chaja uwashe. Hiyo ya tatu imefufua laptopu nyingi hapa, wallahi.

Na sisi wa Lamu tuna letu, chumvi. Tunakaa mbele ya bahari, madirisha wazi, upepo unaingia na unyevu wake, vyuma vya ndani vinashika kutu. Dekstopu ikiwaka bila picha au inalia pi pi pi, mara nyingi ni zile kadi za kumbukumbu, ramu, zimeshika uchafu kwenye meno yake ya dhahabu. Unachomoa umeme kabisa, unagusa chuma cha boksi kwanza kutoa umeme wa mwilini, unazitoa, unayasugua yale meno taratibu kwa rabari ya penseli, unapangusa, unarudisha mpaka zilie tak. Ukiwa hutumii mashine ifunike, lakini ikiwa inafanya kazi usiifunike kitambaa hata kama ni kizuri cha kufuma, inapumua kwa yale matundu.

Mambo ya ule uso wa skrini wenye aikoni ni madogo. Aikoni zote zimepotea? Gonga kulia mahali patupu, kwenye mpangilio wa kutazama, rudisha alama ya kuonyesha aikoni. Mzee haoni maandishi? Shika Ctrl uzungushe gurudumu la mausi, aikoni zinakua, na maandishi yote kwa jumla yako kwenye setingi za skrini, peleka asilimia 125 au 150. Kompyuta nzito? Ctrl, Shift na Esc, utaona nani anakula, na zile programu zinazojiwasha zenyewe zima usizozijua kazi yake ya kila siku. Ila ile ya ulinzi usiizime.

Bando likiisha haraka ukitumia hotspoti ya simu, nenda kwenye setingi za ile waifai, iambie huo ni muunganisho wa kulipia kwa kipimo, apdeti nyingi zitasubiri.

Flashi ikitoka saiba na folda zote zimekuwa vijishale vya njia ya mkato, usibonyeze hata kimoja na usikubali kufomati. Faili zako ziko humo humo, zimefichwa. Fungua lile dirisha jeusi la amri (cmd), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na hapo penye E weka herufi ya flashi yako, Enter, subiri. Zitarudi. Halafu ndio uipitishe kwenye ulinzi wa Windows wenyewe usafishe.

Kuna na hili la Windows 10. Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imesitisha apdeti zake za kawaida za bure, na watu wanatishwa kwamba mashine zitazimika. Hazizimiki. Kilichopungua ni ulinzi, kwa hivo kuwa makini na unachopakua. Windows 11 inataka ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kile chipu cha usalama TPM 2.0, na mashine nyingi za mitumba hazinacho hicho cha mwisho. Kabla hujabadilisha chochote nakili faili zako nje, kwenye diski mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine.

Wasichana wenzangu mnaonisoma, mkiambiwa leteni chai, leteni, halafu rudini msome skrini inasema nini. Hakuna aliyezaliwa anajua. Na nyinyi mafundi wadogo zangu, najua kufomati ni haraka na wateja wana pupa, lakini muulize mtu "una nini humu?" kabla hujagusa, na jibu lake uliandike. Mtu mwingine hajui kuwa alicho nacho kinaitwa data, anajua ni sauti ya babake.

Mkitaka niwasaidie, msiniandikie "imekufa". Piga picha skrini na simu, herufi zote zionekane, niambie ni laptopu au dekstopu, ilifanya nini mara ya mwisho kabla ya kukataa, na nini kimechomekwa. Nyuma pia, angalieni na nyuma.