Tikitimaji lilifikaje Brazili?

SWALI: Nafundisha sanaa sekondari. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya Mholanzi Albert Eckhout, yenye tikitimaji, nanasi na matunda mengine ya Brazili. Mmoja akasema ni pambo la ukutani tu. Historia ya ukoloni inasomwaje kwenye picha isiyo na mtu hata mmoja?

JIBU: Mwalimu, anza na hilo tikitimaji. Nanasi lipo kwao, Amerika Kusini. Tikitimaji asili yake ni Afrika, kwa hiyo kuna waliolivusha Atlantiki, bahari ileile waliyovushwa watumwa kwenda kulima miwa. Waulize wanafunzi, kwa kila tunda: kwao ni wapi, na limepanda chombo cha nani?

Kisha waulize nani alilipa. Eckhout alifika Brazili mwaka 1637 katika msafara wa Johan Maurits wa Nassau, gavana wa koloni la Brazili la Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi. Kampuni iliwanyang'anya Wareno eneo hilo kwa ajili ya sukari, na sukari ilitaka watu wa kuilima. Mwaka huohuo gavana alituma meli zikateka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo. Luanda, Angola, ikafuata mwaka 1641; zote zilikuwa bandari za kununulia watumwa. Tazama pia matunda yalivyopasuliwa, mbegu nje. Mtaalamu wa mimea alizihitaji mbegu hizo, na mwenye mtaji vilevile. Mikono iliyolima haimo. Picha hizi za Eckhout gavana alimpa mfalme wa Denmark mwaka 1654, na leo ziko Makumbusho ya Taifa, Copenhagen.

(Eckhout alichora na mihogo. Watoto wa pwani wengi hawajui kwamba mhogo nao ni mgeni kwetu, uliletwa na Wareno kutoka hukohuko.)

Ila usilazimishe. Zabibu kwenye picha ya Kiholanzi huenda ni zabibu tu.

Kwa maua, tumia kitabu cha mchoraji Maria Sibylla Merian kuhusu wadudu wa Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini, cha mwaka 1705. Kuna ua moja humo, jekundu na njano, la kupendeza kabisa. Maelezo yake yanasema wanawake watumwa walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wao wenyewe ndio waliomweleza. Kwa kidato cha tano na sita, waonyeshe ua kwanza, waandike wanachokiona, ndipo uwasomee maelezo.